Mbuzi wa Marehemu

Muuaji wetu tulimpata kwenye soko la mifugo la Garissa, siku ya Jumatano, akiwa katikati ya kuuza ngamia wa mtu mwingine. Nilikuwa nimekwenda kuandika habari za soko, kama nilivyofanya kila wiki kwa ajili ya kituo kidogo cha redio kilichoniajiri pale mjini. Nikasikia sauti nyuma yangu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nzito na haina haraka, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuombwa arudie alichosema. Nikageuka, nikaona mwanamume mrefu, mwembamba, wa makamo, ndevu zimepakwa hina, mkono wake wa kulia umefichwa chini ya shali pamoja na mkono wa mnunuzi.

Hivyo ndivyo madalali wa huko wanavyopatana. Mikono miwili hukutana chini ya kitambaa, vidole vikasemezana, na waliosimama karibu wasiambulie kitu. Mdomo unaweza kuwa unauliza habari za mvua huku kidole kikikataa. Nilisimama pale mpaka ngamia akapata mwenyewe mpya, kisha nikamfuata dalali kwenye kibanda cha chai.

Wiki hiyo meneja wa kituo alikuwa amenipa kazi ambayo sikuiomba: mchezo wa redio kwa Kiswahili, sehemu kumi na mbili, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa mtu wa habari, si wa hadithi. Lakini baba yangu alitoka pwani kuja kutengeneza barabara, akaoa, akakaa, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Kwa hiyo pale kituoni ilichukuliwa kwamba Kiswahili chote ni mali yangu na mimi ndiye wa kukitumikia. Nikaandika habari za muuaji wa kukodiwa. Anatumwa kutoka jiji la mbali kuja kumuua mchimba visima mmoja karibu na Dadaab, kwa sababu kisima kipya kingemharibia mkubwa fulani anayeuza maji kwa malori. Njiani anamuua kwanza mlinzi wa kisima. Mwishoni polisi wanampiga risasi. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa huyo muuaji.

"Abaayo," dalali alisema nilipomaliza kumweleza, akiniita dada kwa Kisomali, "mimi hata kuku nachinjiwa."

"Ni kwa redio tu."

"Na huyo mtu nitaua, amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni mlinzi."

Akakoroga chai yake kwa muda. "Basi afe haraka. Mimi iko na ngamia inangoja."

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja ambacho kuta zake tulizifunika kwa magodoro. Feni ilizimwa kila tulipoanza kurekodi, kwa hiyo kila mtu aliigiza akitoka jasho. Mlinzi aliigizwa na fundi mitambo wetu, Mborana wa kutoka Wajir, mnene na mwepesi wa kucheka. Kifo chake kilitokea katika sehemu ya tano. Mimi nilichoma tikiti maji kwa kisu, fundi akakoroma mbele ya kipaza sauti kwa ustadi mkubwa, na dalali akasema maneno niliyomwandikia: "Nimemuua. Na nitaua tena." Tulipozima mashine, tulikaa sakafuni tukala tikiti. Tangu siku hiyo dalali alimwita fundi "marehemu," na fundi akamwita dalali "muuaji," hata mbele ya wageni wa heshima.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kisomali hakina p wala v, kwa hiyo kinywani mwa dalali pole ilikuwa bole na vita ilikuwa fita. Nilikaa naye kwa subira, nikamwonyesha jinsi ya kuuma mdomo wa chini kidogo.

"Vita."

"Fita."

"Meno juu ya mdomo. Vita."

"Abaayo, hiyo fita yako itanitoa meno."

Fundi aliniambia niache, watu wote wa mji husema hivyo na hakuna aliyewahi kupotea njia. Sikuacha. Kila nilipoisikia f mahali pa v niliinua mkono, tukarudia.

Mchezo ulipendwa. Wanawake wanaouza maziwa ya ngamia karibu na stendi walikuwa wakimwona dalali wanaambiana kwa sauti, ili asikie: "Mpisheni njia, msimkasirishe. Leo hajalipwa." Muuza nyama alimwita kutoka ng'ambo ya barabara: "Muuaji, njoo unisaidie. Huyu fahali anabishana." Yeye alicheka na kupungia mkono. Lakini katika daftari langu la siku hizo kuna mstari mmoja nilioandika bila kuufikiria sana: *ameanza kutembea kama sauti yake.* Alitembea polepole. Alipofika mahali alisimama kimya mpaka watu wampishe.

Siku ya nane baada ya kifo cha mlinzi, lori lililotoka Hulugho lilisimama mbele ya lango la kituo. Dereva akateremka, akafungua nyuma, akashusha mbuzi jike mweupe mwenye masikio ya kahawia.

"Wabi yule mtu alikufa?" aliuliza.

Fundi akatoka nje akifuta mikono. "Mimi ndiye niliyekufa."

Dereva alimtazama juu mpaka chini, akamkabidhi kamba. "Umetumiwa hii. Imetoka kwa mama ya yule alikuua, kule Sangailu. Anasema bole sana."

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Tulikuwa tungali tunacheka dalali alipofika kwa ajili ya kurekodi. Alimwona mbuzi, akamshika sikio, akaligeuza kutazama alama iliyokatwa pale. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Hii ni mbuzi ya mama yangu," alisema.

Ndipo akatueleza. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alimpigia mama yake simu. Mama alimwombea dua, ndefu au fupi kutegemea hali ya mifugo, kisha yeye akaenda sokoni. Tangu ile Alhamisi ya kifo cha mlinzi mama hakushika simu. Iliita, ikakatwa. Na Jumatano alikuwa amekwenda sokoni, akasimama karibu na ngamia wazuri, akashindwa kuuingiza mkono chini ya shali.

"Mkono bila dua ni mkono ya nani?" aliuliza. "Abaayo, tafuta muuaji mwingine. Mimi nimewacha."

Mchezo ulikuwa umebakiza sehemu sita na sauti yake ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe. Lakini nikiri kwamba kilichonisukuma kwenda Sangailu hakikuwa hicho tu. Nilidhani nina habari nzuri mkononi: mama mzee wa malishoni anayeamini kwamba redio imemgeuza mwanawe muuaji. Nilimwambia dalali tutakwenda pamoja, mimi nimweleze mama kwamba ni maigizo, na ataelewa.

Jumamosi asubuhi tulipata nafasi kwenye lori la unga lililokuwa likienda Hulugho, ambalo lingetushusha Sangailu. Dereva alikuwa msikilizaji wetu. Alimtaka dalali akae mbele.

"Mikono weka hapo juu," alimwambia, "mimi nione nikiendesha."

Dalali aliweka mikono juu ya dashibodi mwendo mrefu. Hakucheka.

Mama yake alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu mifugo. Redio yake ilining'inia kwenye mlingoti wa nyumba, imeshonewa mfuko wa kitambaa dhidi ya vumbi, na jirani mmoja aliyewahi kukaa Mombasa ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Alinisalimu kwa kirefu: mimi, nyumbani kwangu, njia, mvua, mifugo ambayo sina. Alinikaribisha mkekani, akanimiminia chai ya maziwa. Akamimina kikombe cha pili, akakiweka chini.

"Mwambie muuaji chai yake inapoa," aliniambia.

"Hooyo, mimi niko hapa," alisema dalali, akimwita mama.

"Mwambie nimesikia kuna mtu."

Tulizungumza Kisomali, changu ni cha sokoni, lakini kinafika. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Hakuna aliyekufa. Mlinzi yu hai, tena ni mnene. Kisu kiliingia kwenye tikiti maji. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Tikiti maji," alisema.

"Ndiyo."

"Binti, umesafiri na magunia ya unga ili kuniambia kwamba redio si kweli?"

Nikashusha kikombe mkekani.

"Mwaka jana katika redio hiyohiyo fisi alizungumza," aliendelea. "Sikwenda kumtafuta. Najua hadithi ni nini. Sasa nikuulize. Yule mlinzi alikufa Alhamisi. Nani alikwenda kumwambia mama yake?"

Sikuwa nimemwandikia mlinzi mama. Mimi ambaye kila nilipoandika habari ya ajali niliuliza kwanza jamaa za aliyekufa ni nani, nilimwacha mtu chini kisimani nikaondoka na muuaji kwa sababu muuaji ndiye aliyenivutia.

"Kwetu damu ikimwagika," alisema, "watu wa aliyeua huenda kwa watu wa aliyeuawa. Huenda mapema, hawangoji waitwe. Nilingoja wiki nzima redioni, hakuna aliyekwenda. Nikatuma mbuzi. Aliyesema maneno yale ni wangu, basi mimi ndiye mtu wake." Akanyoosha kidole kuelekea kwa mwanawe, bado akinitazama mimi. "Na hilo ni dogo. Huyu nimemzaa. Najua sauti yake akidanganya. Aliposema ataua tena, hakuwa akidanganya. Alikuwa akifurahia."

Dalali alitazama ndani ya kikombe chake. Nilitarajia akatae.

"Ni kweli," alisema.

Akaeleza, akizungumza na chai zaidi kuliko na sisi. Watu walipoanza kumpisha njia alidhani ni mzaha. Kisha akaona ni utamu. Kisha akaanza kuungoja, na wasipompisha alikasirika. Wiki mbili nyuma alikuja mzee mmoja sokoni na ngamia wake mmoja, na walipoingiza mikono chini ya shali yeye akaufinya mkono wa mzee. Si kwa kutaja bei. Aliufinya tu, mpaka mzee akakubali bei ambayo hakuitaka.

"Nilimwona macho," alisema. "Akaniogopa kweli. Nikaenda nyumbani nimefurahi."

Mama alichukua kikombe kilichopoa, akakimwaga, akamimina chai nyingine ya moto, akakiweka palepale. Hakumkaribisha.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza swali ambalo sijui kama nilimuuliza kama mwandishi wa mchezo au kama rafiki wa mwanawe. Mtu wa namna ile, yule wa redioni, anarudije?

"Kwanza usimpige risasi," alisema. Jirani alikuwa ameshakisia mwisho wa mchezo wangu. "Maiti hachoti maji. Mpe kazi."

"Na simu, hooyo?" aliuliza dalali.

"Mwambie nitasikiliza Alhamisi," aliniambia.

Nilirudi Garissa nikazichana kurasa zote za polisi wangu. Dalali alikubali kubaki. Tulipofika sehemu ya saba, muuaji alikuwa chumbani na sare ya dereva wa lori la maji, ambayo angeitumia kujificha ili amkaribie mchimba visima. Mkubwa wake anampigia simu. Mkubwa aliigizwa na meneja wetu, aliyependa sana sehemu hiyo.

"Nguo za dereva umezipata?" alisema meneja.

"Nimezibata."

"Na kesho?"

Katika karatasi niliandika: *Kesho nitavaa.* Dalali akasema, si kwa ile sauti ya kuua bali kwa sauti aliyoitumia kwenye mkeka wa mama yake:

"Kesho nitafaa."

Niliinua mkono kama kawaida. Meneja, ambaye hakugundua chochote, alikuwa ameshasoma mstari wake: "Vizuri. Usichelewe." Fundi, vipokea sauti masikioni, alinigeukia akingoja niseme turudie. Mtu aliyetumwa kuua alikuwa ameulizwa kuhusu kesho, akajibu kwamba kesho atakuwa na manufaa. Sikuwa nimeandika kitu kizuri kama hicho katika kurasa zangu zote. Nikaushusha mkono.

Alhamisi ile simu za kituo zililia mpaka magharibi. Wauza maziwa waligawanyika pande mbili. "Amesema atafaa," mmoja alinieleza asubuhi yake, kana kwamba mimi sikuwapo. "Atamfaa nani, yule?" alijibu mwenzake. "Hata sufuria mpya hujui kama itafaa mpaka uipikie."

Nikaandika sehemu zilizobaki kutoka kwenye neno hilo. Muuaji anavaa sare, anaendesha lori la maji kuelekea kisimani, bastola chini ya kiti. Njiani kuna wanawake wenye madumu. Wanaiona sare, hawamwoni yeye, wanakimbilia lori. Hapo nilimwandikia hotuba ndefu ya majuto, ukurasa mzima. Dalali aliisoma, akachukua kalamu yangu na kuikata kwa mstari mmoja.

"Abaayo, mtu akibadilika haongei. Mkono ndiyo inakataa kwanza. Yeye mwenyewe anajua baadaye."

Kwa hiyo sehemu ya nane haina hotuba. Kuna breki, kuna mlango, kisha kuna maji yakiingia kwenye dumu tupu, sauti ikipanda kadiri linavyojaa, mpaka linafurika. Dumu la pili. La tatu. Fundi alitaka kulipunguza hilo na mimi nikakataa.

Katika sehemu ya kumi na moja, mkubwa anatuma watu wa kukilipua kisima, na muuaji wetu anaegesha lori katikati ya njia na kufungua koki zote, mpaka udongo mwekundu unageuka matope na magari yao yanazama magurudumu. Hakuna risasi hata moja. Tulipiga tope la kweli ndani ya karai, na wiki nzima mji ulimwita dalali shujaa wa matope. Aliwajibu watu kwa haraka na kupita. Jumatano hiyo nilimwona sokoni ameketi chini na mzee mmoja mwembamba. Shali ilikuwa imefunika mikono yao, na mzee alikuwa akicheka. Sikwenda karibu, wala sikuandika.

Lakini mama alikuwa bado hashiki simu ya mwanawe.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ambapo muuaji anakwenda kwa mama wa mlinzi. Hatukuwa na wa kumwigiza. Dalali akasema, bila kumtazama mtu, "Yuko mmoja Sangailu." Nilipiga mimi, kwa simu ya kituo. Alishika. Alikubali kwa sharti moja: yeye hasomi, na hasomewi. Angesikia anachoambiwa na kujibu.

Jumanne alasiri tulizima feni. Dalali alisimama mbele ya kipaza sauti, na mama yake alikuwa ndani ya spika juu ya meza.

"Mama," alisema dalali, kwa lugha yao, "mimi ndiye niliyemuua mwanao. Nimeleta maji."

Nilikuwa nimetumaini atasema amesamehe, tumalize.

"Kwanza teremsha maji," ilisema spika. "Halafu tutazungumza."

Fundi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Na hapo, nyuma ya dirisha, mbuzi akalia. Kwa wiki zote hizo alikuwa akiishi uani kwetu, amenenepa kwa majani na kwa hati za mchezo.

"Huyo ni mbuzi wangu?" iliuliza spika.

"Ndiye, hooyo," alisema fundi.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye marehemu."

"Mbuzi analialia nini?"

"Sijamchinja. Nilimwonea huruma."

"Basi hujapokea," alisema mama. "Usipokula, hujasamehe. Mwanangu anatembea na damu yako na wewe unafuga mbuzi. Kula." Akakata simu.

Tulitazamana. Mimi nilizunguka wilaya nzima na mchezo mzima nikitafuta jinsi ya kumwokoa muuaji, kumbe kilichokosekana kilikuwa kimefungwa kamba uani.

Kesho yake, soko lilipofungwa, muuza nyama alikuja kufanya kazi yake. Dalali alikwenda nje ya lango mpaka ikaisha. Tulipika wali, tukaweka ndizi pembeni, tukakaa kuzunguka sinia moja, na hakuna aliyenyoosha mkono. Wote tulimngoja fundi. Alikata kipande, akakitafuna polepole, akijua anatazamwa.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini paja hili pia nalisamehe." Akakata kipande kingine, akakiweka mbele ya aliyemuua.

Alhamisi tulirusha sehemu ya mwisho kama ilivyokuwa, pamoja na sauti ya mbuzi. Ijumaa dalali alikuja kituoni mapema, ndevu zimetiwa hina mpya.

"Ameshika kabla haijalia mara mbili," alituambia. Dua ilikuwa ndefu mpaka mkono uliobeba simu ukachoka, akahamishia mwingine. Aliwaombea ngamia, mnunuzi, mzee yule aliyefinywa mkono, mimi, na marehemu kwa afya yake.

"Basi imekwisha," alisema meneja, akisimama mlangoni.

"Bado," alisema dalali. "Mwisho ameniuliza: na yule mkubwa alikutuma, yeye anatoa mbuzi lini?"

Meneja alicheka sana. Alisema wazee wana mambo. Akaingia ofisini kwake, tukamsikia akicheka peke yake, kisha akanyamaza.

Jumatano iliyofuata nilikwenda sokoni kuandika habari zangu. Upande wa mbuzi, katikati ya vumbi, meneja wetu alikuwa amesimama akitazama juu kana kwamba anauliza habari za mvua, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya shali ya dalali.